Kamba ya Kuku Mgeni: Siku Tano Mnyambe

Safari hii hatukubeba kuku. Tulibeba mchele, sukari, doti mbili za kanga, mbegu za mchicha na bamia, na msahafu wa maandishi makubwa unaofaa macho ya mtu mzima. Tulipopita sokoni Masasi, penye matenga yaliyojaa mitetea na majogoo, tuliwaambia watoto wasisimame. Sababu yake tutaieleza, kwa kuwa ndiyo hasa iliyotupeleka Mnyambe.

Tulikuwa wanne: sisi wawili, mume na mke, na watoto wetu, wa kiume mwenye miaka 12 na wa kike mwenye miaka 8. Ulikuwa mwezi wa Juni, shule zimefungwa. Tulikwenda kumtembelea mama mkubwa, dada wa mama mzazi wa mmoja wetu, mjane anayeishi katika kata ya Mnyambe, wilayani Newala. Kuunga undugu ni jambo ambalo kila Muislamu anajua uzito wake, lakini kwa miezi tisa tulikuwa tukiliahirisha. Tulisingizia kazi, tukasingizia nauli. Ukweli ni kwamba tulikuwa na aibu.

Juu pasipo na mto

Milima ya Masasi ni mawe matupu. Husimama mmoja mmoja katika tambarare, na msafiri huiona mapema kabla hajauona mji wenyewe. Ukishaiacha na kuishika njia ya Newala, barabara huanza kuupanda ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde. Joto hubaki chini, na upepo unaoingia dirishani huwa na ubaridi. Kule Newala kuna mahali paitwapo Shimo la Mungu, ambapo ardhi hukatika ghafla na jicho likateremka hadi bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Tulisimama pale kwa muda mfupi, watoto wakaambiwa waseme Subhanallah, kisha tukaendelea na safari.

Kutoka hapo hadi Mnyambe ni mikorosho. Juni ndio wakati ambao mikorosho huanza kuhudumiwa, wakulima wakipuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua na machipukizi. Tuliona vumbi la njano likipanda juu ya matawi mapema asubuhi, kabla upepo haujaamka. Fedha ya korosho huja mara moja kwa mwaka, mavuno yanapoanza kuuzwa kuanzia mwezi wa Oktoba. Miezi mingine yote nyumba huishi kwa muhogo, mbaazi, kunde, bustani ya uani, na kuku.

Jambo la pili analopaswa kulijua mgeni ni maji. Uwanda huu ni wa mchanga mwekundu unaoinywa mvua yote na kuizamisha mbali. Mito haipo. Simulizi za asili za Wamakonde zinaeleza kwamba mababu waliusiwa wakae juu, mbali na mabonde yenye maji, kwa kuwa mabondeni kuna maradhi na mauti. Usia huo waliufuata, na vizazi vya kina mama vikalipa gharama yake kwa kuteremka bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Tangu miaka ya 1950 umekuwapo mradi wa maji wa Makonde unaosukuma maji kutoka chini hadi vijijini juu, lakini maji ya bomba yana siku zake. Kwa hiyo nyumba yenye uwezo huchimba kisima cha kuhifadhia maji ya mvua: shimo refu lililosakafiwa kwa saruji, lenye mdomo mdogo na kifuniko, likipokea maji kutoka kwenye mifereji ya bati. Mvua za Desemba hadi Aprili ndizo zinazokijaza. Zikiisha, kila ndoo huwa na hesabu.

Nyumba ya mama mkubwa

Adhana ya Magharibi ilitukuta mlangoni.

"Hodi!"

"Karibuni, karibuni! Wamefika!"

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, wanangu. Poleni na safari. Watoto wamekua hawa, jamani. Chukueni maji mtawadhe kwanza, mazungumzo yapo."

Maji yenyewe yalikuwa katika kopo moja la bati. Mtoto wetu wa kiume, aliyezoea bomba la msikitini likimwaga mfululizo, aliuliza kama kopo lile ni la mtu mmoja au la wote. Mama mkubwa alicheka, akamwambia kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa kiasi cha kibaba kidogo, ujazo wa viganja viwili vya mtu vilivyounganishwa, na udhu wake ulikuwa udhu. Kisha akamwonyesha pa kusimama: juu ya jiwe pana kando ya mpapai, ili maji yanayotoka mikononi na miguuni yaende kwenye shina.

Kulipopambazuka tuliuona ua wote kwa mwanga wa jua. Maji hayatumiki mara moja pale. Ya kuoshea mchele huenda kwenye matembele, na ya udhu hunyweshwa mipapai na mchaichai. Bustani imezungushiwa uzio wa mabua na miti myembamba, kwa sababu kuku hufukua kila kilichopandwa. Ndani yake kuna mchicha, bamia, nyanya chungu, pilipili, na mboga ya maboga inayotambaa hadi nje ya uzio. Kila matuta mawili yamewekwa samadi iliyofagiwa kutoka banda la kuku, ikakaa wiki kadhaa chini ya majani makavu hadi ukali wake ukaisha, kwa kuwa samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi. Kuku hulishwa mabaki ya jikoni, wadudu na pumba, na wao huilisha bustani. Bustani hutoa mboga, na majani yaliyozeeka hurudi kwa kuku.

Kisima kilikuwa kando ya jiko. Tulifunua kifuniko, tukachungulia. Mvua zilikuwa zimekwisha mwezi mmoja tu uliopita, ilhali maji yalikuwa chini ya nusu. Ukutani, kutoka kimo cha kifua kwenda chini, kulikuwa na ufa.

"Ule ufa ni wa zamani," alisema mama mkubwa. "Nilitaka kuuziba kabla ya mvua."

Hakuendelea. Hakukuwa na haja. Sisi tulijua kwa nini haukuzibwa.

Kuku wanne wa mjini

Septemba ya mwaka uliopita tulikwenda Mnyambe kwa ajili ya harusi. Njiani tuliona tuwe na zawadi ya maana. Katika soko moja la barabarani tukanunua mitetea minne ya chotara, wakubwa, weupe. Muuzaji alikuwa na haraka, na bei yake ilikuwa chini kuliko tulivyotarajia. Mmoja wa wale kuku alikuwa amejikunyata na kufumba macho. Tukasema ni uchovu wa tenga. Jioni ile ile tukawafungua uani kwa mama mkubwa, wakalala banda moja na kuku wake 34.

Siku ya tatu sisi tulikuwa tumekwisha kuondoka. Aliyejikunyata alikutwa amekufa. Siku chache baadaye simu ikaja: kuku wanakohoa, wanaharisha kijani, mabawa yameanguka, wengine shingo zimepinda nyuma. Ulikuwa mdondo, ambao wengi huuita kideri. Ni ugonjwa wa virusi, hauna dawa ukishaingia, na katika kundi lisilochanjwa huweza kuua karibu wote. Wiki ya pili ilipokwisha, kati ya wale kuku 34 walibaki watatu. Nyumba sita za jirani nazo zilifagiwa.

Hakuna aliyepima maabara, na kiangazi ndio msimu wa ugonjwa huo hata pasipo kuku wa mgeni. Lakini sisi tulikumbuka yule aliyefumba macho tengani, na bei ile ya chini, na haraka ya muuzaji. Mama mkubwa alikuwa amepanga kuuza kuku 20 mwezi wa Oktoba, anunue saruji na kumlipa fundi, kisima kizibwe kabla ya mvua. Kuku hawakuuzwa. Mvua zikanyesha, na nusu ya maji ikaondoka kwa ufa.

Kuku asiyeuzwa

Habari iliyofuata hatukuipata kwa mama mkubwa. Tuliipata kwa jirani, bibi mmoja aliyekuja siku ya pili kutuamkua na bakuli la ming'oko iliyochemshwa. Ming'oko ni mizizi ya porini kama viazi vyembamba, huchimbwa msimu huu wa kiangazi, na mtu wa Mtwara aliye mbali na kwao huiota usingizini. Tulikaa mkekani tukaimenya, tukachovya chumvi, na yule bibi akasimulia.

Kuku watatu walipokuwa wamekwisha kufa, mchuuzi alipita na pikipiki yenye matenga. Hakuuliza hali ya kuku. Alitaja nusu ya bei, akasema atawachukua wote walio hai, leo hii, fedha mkononi. Kila mtu alielewa anajua anachonunua. Wapo waliomshauri mama mkubwa auze: nusu ya bei ni bora kuliko shimo, na saruji ingepatikana.

"Akamwambia yule kijana," bibi alisimulia, "'Wewe utawapeleka kijiji kingine. Huko nako yupo mama kama mimi.' Akafunga mlango wa banda."

Wapenzi wasomaji, sote tumekwisha kusikia kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini yake, akamkemea mwenye mali kwa kuwaficha wanunuzi kasoro, akabainisha kwamba mwenye kudanganya hayumo katika watu wake. Hadithi hiyo tunaisoma tukimfikiria mfanyabiashara mkubwa mwenye ghala. Siku ile ilimhusu mjane mmoja na kuku wake 31 wanaokohoa. Tulimfikiria pia yule muuzaji wetu wa barabarani. Huenda naye aliuziwa na mwingine aliyejua. Maradhi yale yalitembea soko hadi soko juu ya ulimi wa watu walionyamaza, na yalipofika Mnyambe yakamkuta mtu aliyekataa kunyamaza.

Waliokufa walifukiwa katika shimo refu, wakamwagiwa majivu, kwa kuwa mzoga hauliki wala haufai kutupwa njiani ukaburutwa na mbwa. Kisha mama mkubwa akapita nyumba hadi nyumba akiwaambia wafungie kuku wao. Kwa nyumba sita alikuwa amechelewa.

"Aliwaambia umetoka wapi?" tuliuliza.

"Alisema umeanzia uani kwake," bibi alijibu, akiendelea kumenya. "Basi."

Hakututaja. Kwa miezi tisa alikuwa amebeba lawama ya nyumba sita ili jina la wageni wake lisitiwe doa. Tulikuwa tukisikia mawaidha juu ya kumsitiri Muislamu, na malipo yake mbele ya Mwenyezi Mungu. Hatukuwa tumewahi kuyaona kwa sura ile, tukiwa ndio tuliositiriwa.

Chungu cha wageni

Siku ya tatu mama mkubwa alisema atachinja. Tulimsihi asifanye hivyo. Kundi lake lilikuwa limeanza upya kwa wale watatu waliosalia, pamoja na mtetea wa kuazimwa. Alimpata kutoka nyumba ya mwisho ya kitongoji, ambako kuku walikuwa wamechanjwa na ugonjwa ukapita bila kuwagusa. Makubaliano yalikuwa ya kizamani: mtetea aatamie, na vifaranga vya mara ya kwanza vikikua vigawanywe nusu kwa nusu. Mwewe na kicheche walikuwa wamechukua fungu lao. Siku tuliyofika walikuwapo kuku 17.

"Hamjui kufuga nyinyi," alitutuliza. "Mtetea hachinjwi ovyo, yeye ndiye benki. Jogoo mmoja anatosha mitetea kumi. Hawa mapora wanapigana tu na kumaliza pumba. Pora ndiye wa chungu."

Kuku yule alikuwa amefungiwa kizimbani siku tatu, akila mtama na kunywa maji safi, tangu siku tuliyopiga simu kusema tunakuja. Kuku wa kuzurura hula kila kitu, hata najisi. Imepokewa kwamba Ibn Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kabla ya kumla. Wazee wa Mnyambe wanaufuata utaratibu huo, na wengine huona ni usafi tu wa kawaida.

Katika vijiji vingi tumeona mama akisimama njiani na kuku mkononi, akisubiri mwanamume apite amchinjie. Mama mkubwa hasubiri. Imo katika Hadithi sahihi kwamba kijakazi wa Kaab bin Malik alimchinja kondoo kwa jiwe kali alipoona anataka kufa, na Mtume akaruhusu aliwe. Alikinoa kisu nyuma ya jiko, kuku asione. Mtoto wetu wa kiume akashika mabawa. Kuku akaelekezwa Kibla, akasoma Bismillahi, Allahu Akbar, akakata mara moja kwa utulivu. Mtoto, ambaye nyama aliijua ya buchani tu, alinyamaza kwa muda mrefu. Baadaye alituambia hakujua kwamba Bismillahi ni neno zito hivyo.

Kuku wa kienyeji hataki haraka. Alinyonyolewa kwa maji ya moto, akababuliwa juu ya ndimi za moto ili vinyweleo viishe, akaoshwa kwa ndimu na chumvi. Akakatwa vipande, akachemshwa kwa tangawizi na kitunguu saumu juu ya mafiga, moto wa wastani, hadi nyama ikaanza kuachana na mfupa. Minazi si mingi juu ya uwanda, hivyo nazi hutoka pwani na hugharimu. Kazi ya tui hufanywa na korosho au karanga. Korosho zilikaangwa kidogo bila mafuta, zikatwangwa kinuni hadi zikawa kama unga wenye unyevu, zikakorogwa kwa mchuzi wenyewe na kurudishwa chunguni. Hapo ndipo mwiko hautakiwi kutulia, maana korosho huganda chini na kuungua upesi. Nyanya mbili, pilipili moja nzima isiyopasuliwa, basi.

Kando yake kulikuwa na kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu, kama inavyopaswa, kwa kuwa majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu inayohitaji kutwangwa na moto wa kutosha. Ugali ulikuwa wa makopa: muhogo uliomenywa, ukakaushwa juani, ukatwangwa na kuchekechwa. Ni mweupe, unavutika, na mgeni wa bara humshinda tonge la kwanza. Binti yetu alishindwa mara mbili, mara ya tatu akaweza.

Kabla hatujanawa, mama mkubwa alikuwa ameongeza vikombe viwili vya maji chunguni. Tulimkumbuka Abu Dharr, aliyeusiwa na Mtume aongeze maji katika mchuzi awatazame majirani zake. Mabakuli matatu yalifunikwa na kupelekwa na watoto. Yote matatu yalikwenda katika zile nyumba sita. Nyingine tatu, aliwaambia watoto, zilipata wiki iliyopita na zitapata wiki ijayo.

Alfajiri ya chanjo

Siku ya nne iliangukia zamu ya chanjo. Chanjo inayotumika vijijini huitwa I-2. Mbegu yake iliandaliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya nchi zenye joto na umeme haba, na vijiji vya kusini mwa Tanzania ni miongoni mwa mahali ilipojaribiwa miaka ya mwisho ya 1990. Ubora wake ni kwamba huvumilia joto kwa muda kuliko chanjo za zamani. Mchanjaji anaweza kuisafirisha ikiwa imezungushiwa kitambaa kibichi, mbali na jua. Kuku hudondoshewa tone moja katika jicho moja, awe kifaranga au jogoo, na zoezi hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Haimponyi aliyekwisha kuugua. Na haimfai mwenye kuku wake peke yake: kuku hawajui mipaka ya viwanja, na ua mmoja ulioachwa ni mlango wa ugonjwa kwa kitongoji kizima.

Kwa hiyo baada ya Sala ya Alfajiri, kuku wakiwa bado mabandani, watu walikusanyika na matenga yao katika uwanja ulio mbele ya nyumba ya mama mkubwa. Sisi tulipewa kazi ya kushika. Kuku hulazwa ubavu, jicho likaelekezwa juu, tone likadondoka, ukasubiri apepese, ukamwachia. Binti yetu alihesabu kwa sauti. Alipofika 60 alichoka, akaendelea kaka yake.

Tulipomaliza, jua likiwa limechomoza, tuliomba ruhusa ya kusema. Mmoja wetu alisimama akaeleza kwamba kuku wa Septemba waliletwa na sisi, kwamba mmoja wao alionekana mgonjwa tangu sokoni na tukapuuza, na kwamba tunaomba radhi kwa nyumba sita na kwa mwenye nyumba aliyelibeba lisilo lake.

Kimya kilipita. Mama mkubwa alitazama chini, uso umemkunjamana, kwa kuwa hakututuma. Kisha mzee mmoja, aliyepoteza kuku wote isipokuwa bata, akakohoa.

"Wanangu," akasema, "kuku wanne weupe wamelala kwa mwenzetu Jumamosi, Jumanne wa kwanza amekufa. Mlidhani sisi hatuna macho?"

Watu wakacheka, hata mama mkubwa. Wote walikuwa wakijua. Alipowaambia ugonjwa umeanzia uani kwake, waliona anachokisitiri, nao wakakisitiri pamoja naye. Tulikuwa tumekaa miezi tisa mjini tukikwepa aibu ambayo kitongoji kizima kilikuwa kimeifunika.

Tuliuliza tulipe nini. Zilizungumzwa njia nyingi. Nyumba sita zilikataa fedha ya kuku. Walisema kuku wamekwisha kuanza kurudi. Mwishowe yule mzee akapendekeza tulipie chanjo ya kitongoji kwa mwaka mmoja, zamu nne, nyumba zote, hata za wasiokuja siku ile. Tulipopiga hesabu, fedha hiyo ilikuwa ndogo kuliko nauli yetu ya kwenda na kurudi. Kiasi hicho kidogo, kikitolewa kwa wakati, kingeokoa kuku wa nyumba saba na maji ya kisima kimoja. Saruji ya ufa tuliinunua siku hiyo hiyo Newala. Mama mkubwa aliikubali kwa sharti kwamba fundi atamlipa mwenyewe.

Kamba mguuni

Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wengi wetu tunaitumia methali hii kwa mtu aliye ugenini, asiyejua desturi za mahali. Jioni ya mwisho mama mkubwa alitufahamisha asili yake kama alivyoipokea kwa mama yake. Kuku aliyenunuliwa hufungwa pembeni, mbali na wenyeji, si kwa kuogopa atatoroka tu. Ni ili atazamwe. Siku 14, chakula chake peke yake, maji yake peke yake, na anayemhudumia anawe kabla hajawashika wengine. Akiwa mzima, kamba inakatwa.

"Septemba mlipowafungua, nilitaka kuwaambia," alisema. "Nikaona aibu kuwavunja moyo na zawadi yenu. Kosa langu nalo limo."

Tunawaandikia haya wasomaji wetu wenye kuku watano au kumi uani, kwa sababu sasa wako wengi, mijini na vijijini. Mkinunua kuku, mfungeni pembeni wiki mbili kabla ya kumchanganya. Ulizeni tarehe ya chanjo katika mtaa wenu, na anayekosa uwezo achangiwe, maana kuku wake ni ukuta wa kuku wenu. Msimuuze mgonjwa, hata kwa bei ndogo, hata kwa anayejua. Na mkiwa mmemletea mtu madhara pasipo kukusudia, nendeni mkaseme mapema. Huenda mkakuta amekwisha kusamehe, lakini kisima chake bado kina ufa.

Asubuhi ya siku ya tano mama mkubwa alimkabidhi binti yetu tembe mmoja mwekundu, ndani ya kikapu chenye mfuniko wa ukili, uzao wa wale watatu waliosalia. Tulikataa, akakasirika, tukapokea. Yule kuku alisafiri nasi hadi Masasi, akavuka nasi Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, akafika Dar es Salaam akiwa amechoka kama sisi.

Nyumbani tuna mitetea sita na jogoo. Watoto walitaka kumfungua usiku ule ule. Mtoto wa kiume ndiye aliyekwenda kutafuta kamba. Alimfunga mguu kwa kitambaa kwanza, ili isimkate, kisha akamweka upande wa pili wa ua, penye kivuli cha mwembe, na bakuli lake la maji. Kila jioni baada ya Sala ya Alasiri humtazama macho, humsikiliza kifua, hunawa, huandika tarehe ukutani kwa mkaa.

Leo ni siku ya tisa. Kuku anakula vizuri, Alhamdulillah. Zimebaki siku tano.